Kiharusi kwa Wazee Wetu: Kupona Hakuishii Mlangoni mwa Hospitali



Ndugu waamini, katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu za Kikristo, kuanzia Ijuganyondo na kata nyingine za Bukoba mjini hadi vijiji vya Muleba, si jambo geni kuingia katika nyumba na kumkuta mzee amelala, upande mmoja wa mwili wake ukiwa hauna nguvu. Mara nyingi habari za nyumba hizo hufanana. Mzee alianguka ghafla; watoto wakaarifiana kwa simu, hata walioko Mwanza na Dar es Salaam; fedha zikachangwa; akapelekwa hospitali, akalazwa, akaruhusiwa. Siku ya kurudi nyumbani watu hufurahi na kumshukuru Mungu. Kisha kila mmoja hurejea kwenye shughuli zake, na mzee hubaki kitandani na binti au mkwe mmoja wa kumhudumia. Miezi sita baadaye mkono umekunjika na kukakamaa, mgongo una kidonda, na wanaokuja kumjulia hali hunong'onezana kwamba ndio uzee wenyewe.

Tunaandika makala hii kwa sababu sehemu kubwa ya hali hiyo haitokani na uzee. Hutokana na matunzo yaliyokatika mapema, wakati mwili na ubongo vilikuwa bado vinajitahidi kupona. Tutaeleza kiharusi ni nini, nguvu hurudi kwa utaratibu gani, familia ifanye nini nyumbani, na jumuiya inaweza kubeba sehemu gani ya mzigo huo. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari. Yanamsaidia mwenye mgonjwa ajue cha kumuuliza daktari.

Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu

Ubongo hauna akiba ya chakula wala hewa. Hutegemea damu inayoufikia kila dakika. Kiharusi hutokea damu hiyo inapokatika kwa njia moja kati ya mbili: ama mshipa umezibwa na donge la damu, ama mshipa umepasuka na damu ikamwagika ndani ya ubongo. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa, na kazi iliyokuwa ikifanywa na sehemu hiyo husimama. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto, mgonjwa hupooza upande mmoja. Kwa watu walio wengi uwezo wa kusema hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo sababu aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupoteza pia maneno.

Tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa nchi za mbali. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti walihesabu kila tukio la kiharusi katika eneo la Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo moja la jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri wa wakazi, Hai ilikuwa na viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, yaani karibu mara tatu. Kwa hiyo kijijini kiharusi kipo, na mjini kipo zaidi. Chanzo kikubwa tunakijua, nacho ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi wetu huliita presha. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi bila kuhisi maumivu yoyote.

Uchunguzi mwingine katika maeneo hayohayo mawili ulitazama watu wanavyokielewa kiharusi. Wengi wangetarajia imani ya majini na uchawi iwe na nguvu zaidi kijijini. Ilikuwa kinyume: maelezo hayo yalisikika zaidi Dar es Salaam, wakati watu wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Fundisho ni kwamba elimu ya mjini peke yake haituondolei hofu hizo. Familia inayoanza kwa kutafuta nani amemroga mzee hupoteza saa za kwanza ambazo ni za thamani kuliko zote. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu ghafla, au usemi ukivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na hata kama dalili zimepungua baada ya dakika chache.

Nguvu hurudi kwa utaratibu gani

Swali la kwanza la kila familia ni hili: je, atapona? Jibu la kweli lina sehemu mbili. Chembe za ubongo zilizokufa hazifufuki. Lakini pembeni mwa sehemu iliyokufa kuna nyingine zilizoduwaa tu kwa uvimbe na upungufu wa damu, nazo huamka katika siku na wiki zinazofuata. Aidha, sehemu nzima za ubongo zinaweza kujifunza kufanya kazi ya zile zilizopotea, iwapo zitatumiwa mara kwa mara. Hapo ndipo mazoezi hupata maana yake: kila mara mgonjwa anapojaribu kushika kikombe, anaufundisha ubongo wake njia mpya.

Kazi hii ina majira yake. Utafiti mashuhuri wa jiji la Copenhagen, nchini Denmark, uliwafuatilia wagonjwa 1,197 na kuchapishwa mwaka 1995. Ulionyesha kwamba wagonjwa 95 katika kila 100 walifikia kiwango chao cha juu cha kujimudu ndani ya takriban miezi mitatu. Waliopatwa na kiharusi chepesi walifika huko katika wiki 8 hivi. Waliopatwa na kiharusi kizito sana walihitaji wiki 20. Kwa maneno mengine, miezi mitatu ya kwanza ni majira ya kupanda. Mkulima anayeacha mvua za kwanza zipite bila kushika jembe hawezi kuilaumu ardhi.

Haina maana kwamba baada ya hapo mlango umefungwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa wagonjwa 408. Baadhi yao walianza mazoezi maalumu ya kutembea miezi miwili baada ya kiharusi, wengine miezi sita baadaye. Mwaka ulipotimia, wale waliochelewa kuanza walikuwa wamepiga hatua sawa na wenzao. Usemi nao unaweza kuendelea kuimarika kwa muda mrefu. Kwa hiyo aliye nyumbani mwezi wa tano au wa nane bila kuonwa na mtaalamu asihesabiwe kuwa amechelewa mno, apelekwe.

Kwa kawaida mguu hutangulia kupata nguvu kuliko mkono, na bega na kiwiko hutangulia vidole. Mwanzoni kiungo hulegea kama kitambaa. Baadaye kinaweza kukakamaa. Familia zikiona mzee ameanza kutembea huku mkono bado haujarudi, huhofu kwamba kuna jambo limeharibika. Huo ndio mwendo wa ugonjwa wenyewe. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mgonjwa ambaye katika siku mbili tatu za kwanza aliweza kunyoosha vidole kidogo na kuinua bega alikuwa na nafasi 98 kwa 100 ya kurudishiwa matumizi fulani ya mkono baada ya miezi sita. Asiyeweza alikuwa na nafasi 25 kwa 100. Dalili ndogo kama hiyo humsaidia mtaalamu kupanga mazoezi, na huisaidia familia isikate tamaa na isidanganywe na wauza miujiza.

Umri si hukumu

Wengine husema: "Ana miaka 78, mazoezi ya nini? Mwacheni apumzike." Maneno haya husemwa kwa upendo, lakini humdhuru mzee. Watafiti walewale wa Copenhagen waliuchunguza umri peke yake, wakaona kwamba haukuzuia ubongo wa mzee kurejesha nguvu za viungo. Tofauti ilikuwa mahali pengine: wazee walipata shida zaidi kuzigeuza nguvu zilizorudi ziwe kazi za kila siku, kama kuoga, kuvaa, kula na kwenda msalani. Kijana mwenye mkono mmoja dhaifu hubuni haraka njia nyingine ya kufunga vifungo. Mzee huhitaji kufundishwa njia hiyo polepole na kwa kurudiarudia.

Hapa pana mwongozo kwa kila familia. Mazoezi ya mzee yasiwe ya kunyooshwa viungo tu akiwa amelala. Yawe ni kazi zenyewe za maisha: kuketi ukingoni mwa kitanda, kuinuka kwenye kiti, kunawa uso, kuvaa shati akianza na mkono dhaifu, kumenya ndizi kwa mkono mmoja huku ule dhaifu ukiishikilia. Mama aliyezoea kuipikia familia yake kwa miaka hamsini hupata nguvu zaidi anapopewa maharage ya kuchambua kuliko anapoambiwa ahesabu hadi kumi akikunja vidole. Na pale anapoweza kufanya mwenyewe, tusimfanyie. Kumlisha mzee ambaye angeweza kujilisha kwa kijiko katika nusu saa ni kumnyang'anya zoezi la siku hiyo.

Siku za kwanza hospitalini

Wagonjwa wa kiharusi wanaohudumiwa mahali pamoja na kundi la wataalamu, yaani daktari, wauguzi, mtaalamu wa mazoezi tiba, wa tiba kwa vitendo na wa usemi, hufariki wachache zaidi na hubaki tegemezi wachache zaidi kuliko wanaotawanywa katika wodi za kawaida. Faida hiyo huwafikia wazee sawasawa na vijana. Katika lugha ya Wizara ya Afya yetu, kazi hii yote huitwa huduma za utengamao. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bukoba mjini. Hospitali za Jimbo letu zipo Kagondo na Rubya wilayani Muleba, na Mugana wilayani Missenyi. Na kwa rufaa ya kanda ipo Bugando jijini Mwanza, ng'ambo ya Ziwa. Popote mzee alipolazwa, familia iulize mapema: je, mtaalamu wa mazoezi amemwona? Kama hayupo, ni wapi panapofikika tunapoweza kumpata?

Katika wodi, mambo matatu yanahitaji uangalizi wetu. La kwanza ni kumeza. Karibu nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Ndugu anayefika na chupa ya chai au uji mwepesi na kumnywesha mgonjwa aliyelala chali anaweza, bila kujua, kuupeleka uji huo kwenye mapafu na kuleta nimonia. Asipewe chochote mdomoni kabla wauguzi hawajaupima umezaji wake.

La pili ni mkao. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ili ngozi ya mgongo, makalio na visigino isife kwa kugandamizwa. Mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, na mtu yeyote asiuvute wakati wa kumwinua. Bega lililolegea huchomoka kwa urahisi, na maumivu yake humfanya mgonjwa akatae mazoezi kwa miezi.

La tatu ni kiasi. Jaribio kubwa lililohusisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano, na kuchapishwa mwaka 2015, lilitazama kama ni vema kumsimamisha mgonjwa mapema sana na mara nyingi kuanzia ndani ya saa 24. Waliofanyiwa hivyo walikuwa na matokeo mazuri 46 katika 100. Waliopewa huduma ya kawaida, 50 katika 100. Haraka iliyopita kiasi ilidhuru. Tusimlazimishe mzee kutembea siku ya kwanza ili tuonyeshe imani yetu, wala tusimwache amelala wiki nzima kwa kumwonea huruma. Aanze taratibu, kwa vipindi vifupi, kadiri wataalamu watakavyoelekeza.

Nyumbani: familia haitoshi peke yake

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Katika mazingira yetu, ambamo wataalamu ni wachache na nauli ni mzigo, wengi hudhani kwamba ukimfundisha ndugu mmoja mazoezi siku ya kuruhusiwa, yametosha. Wazo hilo lilipimwa nchini India kwa wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Nusu ya familia zilifundishwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, nusu nyingine zilipata huduma ya kawaida tu. Baada ya miezi sita, katika makundi yote mawili, wagonjwa 47 katika 100 walikuwa wamefariki au wanategemea wengine. Mafunzo ya familia peke yake hayakubadili kitu.

Habari hii isitukatishe tamaa, bali ituelekeze. Lile jaribio la Marekani la mwaka 2011 lililinganisha pia mashine ya gharama kubwa ya kufundishia kutembea na mazoezi ya kawaida ya nguvu na mizani yaliyofanyika nyumbani kwa mgonjwa. Mazoezi ya nyumbani hayakuzidiwa na mashine. Kwa ujumla wagonjwa 52 katika 100 waliboresha kutembea kwao ndani ya mwaka. Tofauti na India ni kwamba hapa mtaalamu mwenyewe ndiye aliyefika nyumbani, akapima maendeleo na kuongeza uzito wa zoezi. Tukiziweka habari hizi mbili pamoja tunaona kwamba ukosefu wa mashine si kizuizi kikubwa. Kinachohitajika ni jicho la mtaalamu linalorudi tena na tena, na nyumba inayofanya kazi kila siku kati ya ziara moja na nyingine.

Kwa hiyo familia ya Ijuganyondo au ya Kamachumu ifanyeje? Kabla ya kuondoka hospitalini iombe tarehe ya kurudi kwa mtaalamu wa mazoezi, iandikwe kwenye karatasi sawa na tarehe ya daktari. Nauli ya safari hizo ihesabiwe ndani ya mchango wa ukoo tangu mwanzo, kwa kuwa mara nyingi fedha yote humalizika kwa vipimo na dawa. Mtoto aliye mbali anaweza kupewa jukumu hilo moja tu: kulipia usafiri wa mzee kwenda mazoezini kwa miezi mitatu. Kila mara mtaalamu anapobadili zoezi, anayemhudumia mzee awepo, aone na ajaribu mbele yake.

Nyumba nayo iandaliwe. Katika jaribio hilohilo zaidi ya nusu ya wagonjwa walianguka walau mara moja. Mikeka inayoteleza na vigoda viondolewe njiani. Kitanda kiwe na kimo kinachomruhusu mzee kukanyaga chini akiwa ameketi. Fundi wa kijijini anaweza kuweka fito imara za kushikilia ukutani kutoka chumbani hadi msalani, na kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo, maana kuchuchumaa ni kazi ngumu mno kwa mguu mmoja wenye nguvu. Mzee mwenye njia salama ya kwenda msalani hurudishiwa sehemu kubwa ya heshima yake.

Chakula kinahitaji busara. Ndizi zilizopikwa zikapondwa laini mara nyingi humezwa kwa urahisi kuliko maji au chai, kwa sababu kimiminika chepesi hukimbia kooni kabla koo halijajiandaa. Mzee aketi wima anapokula, apewe kidogo kidogo, na asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Akikohoa au sauti yake ikiwa ya majimaji kila anapomeza, hiyo ni ishara ya kurudi kwa mtaalamu.

Kuzuia kiharusi cha pili

Aliyepatwa mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa tena, na kiharusi cha pili huweza kufuta kazi yote ya miezi. Kosa la kawaida ni kuacha dawa ya presha pale vipimo vinapoonekana vizuri. Vipimo ni vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Ikiachwa, presha hupanda tena kimyakimya. Ipimwe mara kwa mara katika zahanati iliyo karibu, na iandikwe. Chumvi ipunguzwe, hasa ile inayoongezwa mezani na iliyomo katika samaki na dagaa waliohifadhiwa kwa chumvi. Tumbaku iachwe kabisa. Lubisi na pombe kali visiwe sehemu ya kumkaribisha mzee aliyetoka hospitali, hata kama mila ya ukarimu inatusukuma. Mwenye kisukari atunze sukari yake. Na dawa za mitishamba zisichanganywe na za hospitali bila daktari kujua, kwa kuwa baadhi ya mchanganyiko huweza kuleta kutokwa damu.

Moyo wa mgonjwa na moyo wa mlezi

Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi. Mzee hukaa kimya, hukataa chakula, hukataa mazoezi, hulia bila sababu inayoonekana. Familia husema amekuwa mkaidi. Mara nyingi huo ni ugonjwa unaotibika, na usipotibiwa huzuia hata viungo kupona. Daktari aelezwe.

Lingine linaloumiza ni kupotea kwa maneno. Baba aliyekuwa msuluhishi wa ukoo anajua kila linalosemwa, lakini ulimi unamletea "kikombe" anapotaka kusema "mlango". Watu huanza kumpazia sauti kana kwamba ni kiziwi, au kumsemesha kama mtoto mchanga, au kuamua mambo ya shamba mbele yake bila kumwuliza. Bado ni baba. Apewe shikamoo yake kama zamani. Tumwulize maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, tumpe muda, tumwonyeshe kitu kwa mkono, na tuvumilie ukimya wa nusu dakika anapolitafuta neno.

Na mlezi je? Kwa kawaida ni mwanamke mmoja: mke ambaye naye ni mzee, binti aliyerudi kutoka mjini, au mkwe. Humwinua mgonjwa, hufua mashuka usiku, hukosa Misa ya Dominika, na shamba lake humezwa na magugu. Akiugua mgongo au akichoka moyo, mgonjwa naye huanguka. Injili ya Marko, katika sura ya pili, inatusimulia habari za aliyepooza aliyefikishwa kwa Yesu kupitia darini. Waliombeba walikuwa wanne. Tulitafakari hilo kwa namna ya kawaida kabisa: kazi iliyowahitaji watu wanne, sisi tumempa mmoja.

Wajibu wa jumuiya na neema ya Sakramenti

Jumuiya yenye nyumba kumi na tano inaweza kupanga watu wanne kwa mgonjwa mmoja bila kuelemewa. Mmoja ampeleke au amsindikize kwa mtaalamu wa mazoezi. Mmoja aje siku maalumu ya wiki ili mlezi apate kulala au kwenda shambani. Mmoja afuatilie dawa na kipimo cha presha. Mmoja awe wa kumtembeza mzee uani na kuzungumza naye. Akina mama wa WAWATA wamekuwa wakiwatembelea wagonjwa kwa sala na zawadi. Ziara hizohizo zikiongezewa dakika ishirini za kumsimamisha na kumketisha mzee kadiri mtaalamu alivyoelekeza, zitakuwa sehemu ya tiba.

Kuhusu Sakramenti, tuondoe hofu ya zamani. Mpako wa Wagonjwa si tangazo la kifo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1004, inaruhusu apewe mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na inaruhusu urudiwe iwapo atapona kisha akaugua tena, au hali ikizidi kuwa mbaya. Padre aitwe mapema, wakati mzee bado anaweza kuitikia. Aliyepoteza maneno anaweza kuungama kwa ishara. Hatakiwi kutoa sauti asiyokuwa nayo. Na kwa mwenye shida ya kumeza, familia imweleze padre au mhudumu wa Ekaristi kabla ya Komunyo. Kipande kidogo sana cha Hostia kinatosha, na kanuni ya 925 inaruhusu, panapokuwa na lazima, Komunyo chini ya umbo la divai peke yake. Mzee asikoseshwe Ekaristi kwa miezi kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba njia ipo.

Tangu mwaka 2021 Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani katika Dominika ya nne ya Julai, na Siku ya Wagonjwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 11 Februari. Ni siku njema, lakini aliyepatwa na kiharusi mwezi Machi hawezi kusubiri Julai. Majira yake ya kupona yanahesabika kwa wiki. Katika mkutano wa jumuiya wa wiki hii, basi, baada ya sala, tuulize swali moja: ni nani kati yetu aliyerudi kutoka hospitali akiwa amepooza, na ni lini mara ya mwisho mtaalamu alimwona? Jibu likiwa kimya, hapo ndipo pa kuanzia.